Diani kwa Noah: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Watu wa Moshi na Arusha

Kila ikikaribia Pasaka au Desemba simu yangu haipumziki. Majirani, wafanyakazi wenzangu, shemeji zangu wa Arusha, wote wanataka kujua familia ya watu wanne inawezaje kukaa siku tano Diani, pwani ya wenye nazo kule Kenya, kusini mwa Mombasa, halafu ikarudi Moshi bila kuuza ng'ombe. Jibu fupi ni hili: tunalala kwenye gari letu, Toyota Noah, na hotelini tunanunua mchana tu. Jibu refu linafuata.

Kwa nini uvuke mpaka wakati Tanga ipo?

Tanga naipenda, na Pangani naipenda zaidi. Ukitaka utulivu nenda Ushongo, huko Pangani, ulale, usikie mawimbi, basi. Ila ukitaka ule urembo wa hoteli kubwa, mabwawa ya kuogelea, vitanda vya jua vimepangwa chini ya makuti, muziki wa jioni, basi Diani haina mpinzani karibu na sisi. Hoteli zimekaa zikifuatana kwenye ufukwe mmoja mrefu wa mchanga mweupe, na zinagombea wateja. Ushindani huo ndio unaotufaidisha sisi wa mfuko mdogo, kwa sababu hoteli yenye vitanda vitupu Jumatano haioni vibaya kumuuzia mpita njia chakula cha mchana na bwawa.

Halafu umbali haukuumizi. Kutoka Moshi kwenda Diani kwa njia ya Holili, Taveta, Voi na Mombasa ni kama kilomita 340. Kwenda Tanga mjini ni karibu hivyo hivyo. Wa Arusha waongeze kilomita 80 za kufika Moshi.

Unafaidije hoteli ya kifahari bila kulala pale?

Hili ndilo swali lenyewe, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Kinachokula hela hotelini ni chumba cha usiku, na usiku umefumba macho. Bahari unaiangalia mchana. Bwawa unaogelea mchana. Sasa kwa nini ulipie saa nane za kukoroma kwa bei ile? Hoteli nyingi za Diani zinapokea wageni wa mchana: nyingine zina kiingilio cha bwawa, nyingine hazitaki kiingilio mradi ule kwao, nyingine zinauza siku nzima na chakula na vinywaji ndani yake. Zile ambazo kila mgeni amevaa bangili ya plastiki mkononi ndizo za aina hiyo ya mwisho. Hizo ukienda, fika mlango unapofunguliwa. Ukifika saa saba umeshawazawadia nusu ya hela yako.

Piga simu mapokezi siku moja kabla. Maswali yangu ni manne tu. Mnapokea wageni wa mchana siku gani? Kiingilio kinakatwa kwenye bili ya chakula? Taulo zimo? Watoto wanalipa kiasi gani? Hilo la pili ndilo lenye faida kuliko yote. Kiingilio kikikatwa kwenye chakula, maana yake umekula na bwawa umepewa bure.

Sisi hupanga hivi: siku mbili za hoteli katika siku tano, na moja lazima iwe Jumapili kwa sababu ya chakula cha kujipakulia. Siku hiyo asubuhi tunakunywa chai nyepesi tu kwenye gari. Mara ya mwisho mimi na mama watoto tulikula meza ile na watoto, tukakaa pale mpaka jua likapungua, na bili yetu wote wanne haikufika robo ya bei ya chumba kimoja cha hoteli hiyo hiyo kwa usiku mmoja. Siku nyingine hata hatuli. Tunaagiza birika moja la chai na keki mbili, tunakaa chini ya makuti saa mbili nzima, na mhudumu anatuletea maji ya barafu kama alivyomletea Mjerumani wa meza ya pili.

Hawatakuzuia getini?

Walitufanyia hivyo mara moja, na kosa lilikuwa letu. Tulifika na Noah ina vumbi jekundu la Maktau, huko njiani, mpaka kwenye vioo, jerikeni mbili juu, na mkungu wa ndizi mbichi tuliopewa na bibi umeegemea dirisha la nyuma. Askari alituangalia, akaangalia ndizi, akasema kwa upole kabisa: "Wa mboga wanaingilia geti la nyuma." Mke wangu alicheka mpaka akalia. Mimi nilinuna, lazima niseme ukweli, mpaka jioni.

Tangu hapo gari linaoshwa Ukunda, mji ulio jirani na Diani, kabla ya siku ya hoteli, sufuria zinafichwa chini ya kitanda, na tunabadilisha nguo. Nguo zenyewe ni za soko la mitumba la Memorial pale Moshi: shati la kitani, gauni refu jepesi, kofia pana. Mitumba iliyopigwa pasi vizuri haina tofauti na ya dukani. Na jina lako liwe tayari kwenye kitabu cha askari, ndiyo maana ya kupiga simu jana yake.

Ufukwe wenyewe unalipiwa?

Hapana. Kenya, mchanga wa kuanzia alama ya maji kujaa kushuka baharini ni wa umma. Hoteli inamiliki vitanda vyake na vivuli vyake, bahari haimiliki. Kuna njia za kupita kwa miguu kati ya ukuta wa hoteli na hoteli. Muulize dereva wa bodaboda yeyote akuoneshe "njia ya beach", anazijua zote. Ukishaingia, tembea utakavyo, kwenda kaskazini mpaka mdomo wa mto Kongo ulipo ule msikiti wa kale wa mawe, ambao mpaka leo watu wanaswali ndani yake. Vaa kwa heshima ukifika hapo, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha.

Watu wanauliza na upande wetu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, kwa hiyo na kwetu usiogope kuta.

Tunalala wapi na gari?

Usilale kwenye mchanga, wala kando ya barabara, wala kwenye maegesho ya duka. Si salama, na askari wa doria atakuamsha saa nane usiku. Diani na jirani yake Tiwi kuna kambi na nyumba za wasafiri wenye mabegi zinazoruhusu magari. Tiwi hasa ni ya zamani kwa watu wanaozunguka Afrika na magari yao. Unalipa kwa kichwa, unapata choo, bafu, mlinzi na mara nyingi jiko la pamoja. Kambi ikijaa, nenda nyumba ndogo ya wageni ndani ndani, zungumza na mwenye nyumba akuuzie uwanja na bafu. Mara mbili tumefanya hivyo, na mara zote mbili watoto waliishia kula kwa mwenye nyumba.

Ukichagua mahali pa kuegesha, tazama juu kwanza. Kivuli cha mnazi ni kitamu, lakini nazi ikidondoka juu ya kioo cha mbele hamna wa kumdai.

Gari gani linafaa, na ninaliandaaje?

Mimi nina Noah ya kawaida. Hiace ni bora, unasimama nusu na mizigo inapotea, ila inakula zaidi na wengi wetu hatuna. Usilinunue gari kwa ajili ya safari, tumia lililopo.

Viti vya kati na vya nyuma vinatoka kwa kufungua nati. Vihifadhi, utavirudisha Jumatatu. Fundi seremala alinikatia mbao za plaiwudi vipande vitatu juu ya masanduku manne. Masanduku ndiyo kabati: moja la chakula, moja la vyombo, mawili ya nguo. Pima mwenyewe kabla ya kumpelekea vipimo, kwa sababu matairi ya nyuma yanaingia ndani ya bodi na fundi asiyeliona gari atakukatia mbao ambazo haziingii. Wa kwangu alinikatia mara mbili. Juu tumeweka godoro la sponji la inchi 4, limekatwa kona. Mimi ni futi 5 na inchi 9, nalala nimekunja goti. Watoto wanalala kwenye hema dogo ubavuni mwa gari, na wanaona wao ndio waliopata chumba kizuri.

Mtu wa Moshi hajui joto la usiku wa pwani. Vioo havifungwi, kwa hiyo unahitaji chandarua madirishani. Nunua chandarua kimoja kikubwa, mpe fundi cherehani akate vipande vya kutosha dirisha, na ashone sumaku ndogo kwenye pindo. Zinajinata zenyewe kwenye bati la mlango. Egesha pua ya gari ielekee upepo, fungua mlango wa nyuma kidogo, na uwe na feni ndogo ya kuchaji.

Kupika ni nje. Mtungi mdogo wa gesi, jiko la plati moja, chini, mbali na gari. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari hata kama limezimika na mvua inanyesha. Hewa ya mkaa haina harufu na inaua watu usingizini. Wala usilale injini ikiunguruma kwa ajili ya kiyoyozi. Kwenye hili sina utani.

Holili wanataka nini?

Holili na Taveta ni kituo kimoja cha mpaka cha pamoja tangu 2016, kwa hiyo unashughulikiwa na nchi zote mbili upande mmoja. Kwa watu: pasipoti, au hati ya dharura ya safari ya Uhamiaji. Mtanzania hahitaji viza. Beba na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, usije ukaulizwa huna. Kwa watoto ambao mzazi mmoja hasafiri, beba cheti cha kuzaliwa na barua ya mzazi huyo.

Kwa gari: kadi halisi ya usajili, barua ya mwenye gari kama si lako, leseni yako, na bima inayovuka mpaka, ile tunayoiita kadi ya njano ya COMESA. Mwombe wakala wa bima yako akutengenezee Moshi kabla hujaondoka, pale mpakani utauziwa ukiwa na haraka. Forodha watakupa kibali cha muda cha gari. Soma tarehe ya mwisho kabla hujaondoka dirishani. Vijana watakukimbilia wakijiita mawakala. Gari binafsi la matembezi haliwahitaji.

Mifuko ya plastiki iache nyumbani. Kenya imeipiga marufuku tangu Agosti 2017, kwetu ni tangu Juni 2019, na tangu Juni 2020 Kenya hairuhusu hata chupa za maji za kutupa ndani ya hifadhi na fukwe zake zilizolindwa. Vikapu vya soko la Kiboriloni vinatosha.

Njia ikoje?

Lami mwanzo mwisho. Ondoka Moshi saa kumi na mbili asubuhi, uwe Taveta kabla foleni haijajikusanya. Baada ya Taveta utakiona kilima cha Salaita kimekaa peke yake kwenye tambarare. Februari 1916 jeshi la Waingereza lilipigwa pale na Wajerumani waliokuwa wakitokea upande wetu huu. Watoto wangu hawataki historia hiyo, wanataka tembo, na tembo wapo, kwa sababu kuelekea Maktau barabara inapita kwenye Hifadhi ya Tsavo Magharibi. Punguza mwendo. Tembo akiwa barabarani mwache amalize mambo yake.

Voi mpaka Mombasa ni barabara ya malori. Usiiendeshe usiku. Matuta ya Kenya mengi hayana kibao, na askari wao wana kipima pombe wanachokiita alkoblo.

Ukikaribia Mombasa una uamuzi mmoja. Kuingia kisiwani na kupanda feri ya Likoni, au kukata Miritini na kufuata barabara mpya ya Dongo Kundu, inayopita kwenye madaraja marefu juu ya maji na kukutoa Kibundani, upande wa kusini, bila feri kabisa. Nenda kwa Dongo Kundu. Feri rudi nayo siku nyingine kwa miguu kama watoto wanaitaka: mtembea kwa miguu halipi.

Wengine hurudi kwa Lunga Lunga na Horohoro, wanalala Tanga, kisha Korogwe, Same, nyumbani. Ni mbali zaidi lakini unapata bahari mbili kwa safari moja. Hakikisha tu forodha wanajua gari litatokea mpaka mwingine.

Mafuta yanakula kiasi gani?

Noah yangu ikiwa imebeba inakwenda kilomita 9 hadi 10 kwa lita. Kwenda na kurudi pamoja na kuzunguka Diani naweka lita 80. Kwa miaka hii petroli ya Kenya imekuwa ghali kuliko yetu ukibadilisha hela, kwa hiyo jaza Himo mpaka mdomo. EWURA hutangaza bei mpya Jumatano ya kwanza ya mwezi, EPRA wa Kenya hutangaza tarehe 14. Angalia zote mbili kabla ya kupanga siku ya kuondoka.

Hela na lugha?

Badilisha kiasi kidogo mpakani, cha chakula cha njiani, na uhesabu mbele ya aliyekupa. Kichwani mimi nazidisha kwa ishirini kila bei ya Kenya. Si sahihi kila siku, lakini inanizuia kuchekelea bei ya soda.

Kiswahili chako kitakupunguzia bei, au kitakuongezea, kutegemea mtu. Ukisema "naomba viazi" muuzaji atatabasamu na kukuuliza "Wewe ni wa Bongo?" Ujue pia kwamba "soo" ni mia, na "ngiri" ni elfu. Mwanangu aliposikia boti ni ngiri mbili alitafuta wanyama.

Twende mwezi gani?

Mei ndio mvua kubwa ya pwani ile. Hoteli zinashusha bei na nyingine zinafunga kabisa kufanya ukarabati. Kulala kwenye gari kwenye mvua ya Mei nimejaribu, sirudii. Desemba na Pasaka kila kitu kimepanda. Mimi nachagua mwishoni mwa Januari na Februari, wakati wa kaskazi, bahari ikiwa tulivu, au Septemba na Oktoba wakati kusi linapungua.

Ila zaidi ya mwezi wa kalenda, angalia mwezi wa angani. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua: maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Yakipwa, unatembea mpaka karibu na mwamba na unaona samaki kwenye vidimbwi, burudani ya bure. Vaa viatu, kwa sababu kuna wale wadudu wenye miiba mirefu myeusi. Yakijaa, ufukwe wenyewe unamezwa na maji yanapiga kuta za hoteli. Kupwa kunasogea kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo muulize mvuvi asubuhi, usibahatishe.

Tunakula nini siku zisizo za hoteli?

Ukunda, ng'ambo ya barabara kuu, ndiko wanakokula wafanyakazi wa hoteli. Mahamri na mbaazi asubuhi, viazi karai jioni, samaki wa kupaka ukiwa na hamu. Samaki mbichi nunua kwa wavuvi wanapotia nanga, si kwa kijana anayekuletea kambini. Mchele, unga na maharage tunabeba Moshi.

Nyani na tumbili je?

Funga vioo mchana. Tumbili aliingia kwetu kwa upenyo wa dirisha usiozidi kiganja, akachukua mkate mzima, akakaa juu ya boneti na kuumenya kama mtu anayemenya chungwa, ganda la nje kwanza. Mbega wale weusi na weupe hawana fujo. Utaona ngazi za kamba zimefungwa juu ya barabara ya Diani ili wavuke bila kugongwa. Usimlishe mnyama yeyote.

Nikikwama mchangani?

Usikanyage mafuta, utajizika. Mimi nilikanyaga. Punguza upepo wa matairi mpaka yaonekane yamelegea, chimba mchanga mbele ya matairi, weka mazulia ya gari chini, kisha toka taratibu kwa gia ya kwanza. Vijana watakuja kusukuma. Patana bei kabla mkono haujagusa gari. Na ukirudi Moshi, siku hiyo hiyo, oshea gari chini kwa maji baridi mengi. Chumvi inakula bodi kimya kimya.

Mke wangu anasema kulala kwenye gari ni dhiki. Nimwambie nini?

Usimwambie kitu. Mpeleke kwanza siku ya hoteli, Jumapili, na gauni lake la Memorial, kabla ya usiku wa kwanza wa gari. Wangu alikataa mwaka mzima. Siku hizi yeye ndiye anayepiga simu mapokezi kuuliza kama taulo zimo.

Mama mkwe anataka kuja.

Noah haina nafasi ya mama mkwe. Mpangie chumba chenye feni Ukunda, na bei yake iandike kabisa kwenye bajeti, mstari wa kwanza.